Mwanamke wa Phonie ya Beu

Agar alimpenda mumewe kwa sauti. Paulin akirudi safari, majirani wote wa kilima walijua. Akichelewa, walijua pia, maana masufuria yaligongana tangu asubuhi na hata mbuzi waliitwa majina. Mama mkwe wake alizoea kusema kwamba Mungu alimpa huyu mwanamke koo la kengele ya kanisa, akasahau kumpa kamba ya kuizuia.

Paulin alikuwa dereva wa Papa Edmond, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akileta mafuta kutoka mpakani Kasindi. Mapipa ya esanse, yaani petroli, na ya mazutu, yaani dizeli, yalipandishwa kwenye loli, yakavuka daraja la Semliki, yakapumzika Beni, kisha yakashika ile njia ya udongo mwekundu iendayo Butembo. Mji haukuwa na umeme wa serikali. Vinu vya kusaga muhogo, jenereta ya hospitali, frigo za wauza samaki, mashine za kunyonya maji kwenye mashimo ya dhahabu kule Manguredjipa, vyote vilingoja mapipa yale. Mafuta yakikosekana, wanawake walirudi kutoka kinuni na mihogo yao kichwani vilevile walivyokwenda nayo, na bei ya unga ikapanda kabla hawajafika nyumbani.

Ilikuwa mwaka wa 2000. Vita vilikuwa vimeikata nchi vipande, kila kipande na wakubwa wake, kila kilima na bariera yake ya kuzuia magari. Mwaka uliotangulia Papa Edmond alikuwa amepoteza loli mbili siku moja, kwa sababu zilifuatana kama kuku na kifaranga, na waliozivizia hawakuhitaji kuchagua. Tangu hapo alibadili kazi yake yote. Loli zake hazikuondoka tena pamoja. Mafuta yaliyofika Butembo hayakulazwa tena katika ghala moja, ili moto ukishika upande mmoja, upande mwingine ubaki na kitu cha kuwapa wagonjwa hospitalini. Mapipa hayakujazwa mpaka mdomoni, maana joto la bonde huyavimbisha. Na juu ya yote hayo, saa ya kuondoka Beni ilijulikana na watu wawili tu: dereva mwenyewe, na mwanamke aliyeangalia ghala la Beni, katika mtaa wa Beu. Papa Edmond mwenyewe alikataa kuambiwa.

"Kitu mi hapana jua, hata bakinipiga sitakisema," alisema.

Mwanamke yule aliitwa Mariette. Na kwa Agar, jina hilo likawa kama punje ya mchanga ndani ya ugali.

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo. Agar alipokuwa akimfungia mumewe chakula cha njia, aliuliza kama mke yeyote anavyouliza.

"Utarudia siku gani, Baba Shekinah?" Shekinah ndiye binti yao wa kwanza.

"Njia njo inajua."

"Na ule mama wa Beu, yee hapana jua?"

Paulin akainama kufunga kamba za viatu. "Ile ni kazi, Mama Shekinah. Uniache."

Uniache! Kumbe kuna mwanamke mahali fulani duniani anayejua mume wake Agar ataondoka saa ngapi, atapita wapi, atalala wapi, na yeye aliyemzalia watoto watatu anaambiwa aulize njia. Siku hiyo Agar alichambua maharagi mara mbili, na mara zote mbili akatupa mazima, akabakiza mabovu.

Kisha yakaja mambo ya nguo. Paulin alikuwa akitoka na kombinezoni yake ya kazi iliyolowa mafuta, akirudi amevaa shati safi, limepigwa pasi, linanuka sabuni ambayo haikununuliwa na Agar. Alipoulizwa, alisema kwamba kule ghalani Mama Mariette hamruhusu dereva yeyote kukaa karibu na jiko na nguo zenye esanse. Lazima avue, aoge, avae nyingine. Ilikuwa kweli tupu. Mariette aliogopa moto kuliko bunduki, akawa ameweka ndoo za mchanga kila pembe ya kiwanja chake, na aliyewasha sigara kwenye geti lake alifukuzwa kama mbwa. Lakini mpelekee mke mwenye wivu ukweli wa namna hiyo uone atakavyoupokea. Anamvua nguo. Anamwogesha. Anampigia pasi. Hayo ndiyo Agar aliyoyasikia.

Aliyemwagia mazutu juu ya moto huo alikuwa Virginie, jirani yake wa ng'ambo ya njia, mwanamke aliyependa habari kuliko chumvi.

Siku hizo simu za mkononi hazikuwa zimefika. Watu walizungumza kwa phonie, redio ya kutumia betri ya gari. Mtu akisema maneno yake Beni, husikika Butembo, Bunia, hata porini, mahali popote penye mashine na sikio. Virginie alikuwa amekwenda kwa phonie ya parokia kumuulizia dada yake, na alipokuwa akingoja zamu, akasikia mambo ya watu wengine yakipita.

"Mama Shekinah, mi hapana mutu wa kusema-sema," alianza, na Agar akajua kwamba sasa yatasemwa yote. "Lakini bwana yako, kule Beu banamupikiaka. Nilisikia na masikio yangu. Ule mwanamuke anaita kabisa: maharagi imeiva, kuya! Mbele ya batu bote!"

Agar aliweka chini beseni la nguo, akafunga kitenge upya, akaenda mjini.

Phonie ya Papa Edmond ilikuwa katika chumba cha nyuma ya duka lake, na aliyeiangalia aliitwa Siméon, mtu mpole mwenye kupenda kusinzia. Agar aliingia dukani kama mteja, akanunua chumvi ambayo hakuihitaji, kisha akazunguka nyuma na kusimama chini ya dirisha. Alisimama hapo hadi chumvi ikaanza kulowa jasho la kiganja chake. Mwishowe mashine ikakoroma, ikapiga mluzi, na sauti ya mwanamke ikatoka.

Ilikuwa sauti nzuri, na hilo ndilo lililomuuma kwanza. Sauti ya taratibu, nzito kidogo, yenye Kilingala ndani yake, kwa kuwa Mariette alikulia Kisangani. Sauti isiyowahi kupigia mbuzi kelele.

"Butembo, unisikie. Papa Paulin iko hapa pembeni yangu. Maharagi haiyaiva bado. Nimemuambia alale huku. Kesho asubui atakula muzuri."

"Sawa, Mama," akajibu Siméon. "Muache alale."

Basi Siméon naye alikuwa anajua! Duka zima lilikuwa linajua. Agar aliona miguu yake ikienda nyumbani bila yeye kuituma.

Asichokijua ni hiki: hayo hayakuwa maneno ya jikoni. Kwa kuwa wenye silaha nao walikuwa na mashine zao na walisikiliza mchana kutwa, Mariette alikuwa amewatungia madereva lugha ya kujificha. Maharagi yakiiva, njia iko wazi. Yasipoiva, kuna jambo mbele, dereva asisogee. Chumvi ikizidi, bariera zimekuwa nyingi. Na akisema mkwe amefika, maana yake watu wenye bunduki wameingia barabarani, kila mtu ajifiche. Alikuwa akiuliza wauza ndizi waliotoka Kabasha, mapadri waliopita na pikipiki, wanawake wa Vuhovi waliokuja na mboga, akayapima maneno yao, ndipo akasema kama chakula kimeiva au la. Madereva walikuwa wameapa kutomwambia mtu, hata wake zao. Paulin alikuwa mtu wa kushika kiapo.

Kwa hiyo aliporudi kesho yake, amevaa shati safi, na Agar akamwekea mbele sahani tupu na kumwambia, "Umeshakula, najua," Paulin aliangalia sahani, akamwangalia mkewe, akaelewa yote. Angeweza kulimaliza kwa maneno matatu. Akanyamaza. Akala ndizi moja, akalala akiwa ameelekea ukuta.

Ukimya ule Agar aliusoma kama ungamo. Tangu siku hiyo alianza kuishi na Mariette nyumbani mwake. Akijipaka mafuta, alijiuliza ngozi ya yule ikoje. Akiimba kwaya siku ya Bwana, alisikia jinsi sauti yake mwenyewe ilivyo kali, akaiteremsha, na kiongozi wa kwaya akamuuliza kama anaumwa. Wivu ni mgeni mbaya. Anakula kuliko wenye nyumba na haagi.

Ikawa mwisho wa mvua za Novemba. Paulin aliondoka kwenda Kasindi, siku zikapita, hakurudi. Dereva mwenzake, Jean-de-Dieu, ndiye aliyefika kwanza, na Agar alipokutana naye sokoni alimwuliza bila kuzunguka.

"Paulin iko Beu," akasema Jean-de-Dieu, akiwa hana ubaya wowote. "Amejaza tokeya juzi. Anangoya tu."

"Anangoya nini? Mbona weye umepita?"

Jean-de-Dieu akajikuna shingo. "Ah, Mama, ile mambo… umuulize yeye."

Agar hakuenda kumuuliza yeye. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha phonie. Siméon alikuwa anahangaika na betri iliyokuwa inakufa. Mashine ilizima, ikawaka, ikazima tena. Akamwona mke wa Paulin mlangoni, akamwona kama mtu wa nyumbani.

"Mama Shekinah, unichungie hii mashini kidogo. Betri ingine iko inachajiwa hapo kwa jirani, niko narudia mara moja."

Akatoka. Mashine ikakoroma. Kisha sauti ile nzuri: "Butembo, Butembo, hapa ni Beu. Maharagi ya leo pia haiyaiva. Papa Paulin atabaki. Unanisikia?"

Agar alikuwa amemwona Siméon jinsi anavyoshika kile kipaza sauti na kubana kibonyezo chake. Akakishika, akabana.

"Nakusikia! Nakusikia muzuri! Hapa ni Agar, bibi ya Paulin! Weye mwanamuke, hauna haya? Loli ya bwana yangu imejaa esanse tokeya juzi, iko imesimama kwenye parcelle yako hapo Beu, bengine banapita, na weye unamupikia maharagi isiyoivaka! Paulin! Kama hautalala kwako leo, usirudie tena milele. Unakuya leo ao hapana?"

Aliachia kibonyezo. Upepo ukavuma ndani ya mashine. Kisha mahali fulani mwanaume asiyemjua akaangua kicheko, na mwingine, labda wa Bunia, akasema, "Paulin, rudia kwa bibi!" Vicheko vikaongezeka kama vyura baada ya mvua. Halafu sauti ya mumewe, ndogo, kavu:

"Niko nakuya."

"Paulin, hapana, usi—" Ilikuwa sauti ya Mariette, na kwa mara ya kwanza haikuwa ya taratibu. Betri ikakata.

Agar akashuka kilima hadi kwake akiwa mwepesi. Nani kama yeye? Alichinja kuku. Aliwaogesha watoto. Alipika maharagi pia, makusudi, akayaivisha hadi yakapasuka.

Jua lilikuwa limeanza kulegea aliposikia miguu ya mtu anayekimbia. Siméon aliingia uani bila kubisha, na uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

"Mama, umesema nini kwa phonie?" aliuliza. "Umesema nini?" Na bila kungoja jibu akamwambia: Mariette ameita kutoka Beni. Mkwe amefika. Mkwe si mtu, ni watu wa bunduki. Walikuwa wamejificha chini ya kilima cha Kabasha siku zote tatu, tangu Jean-de-Dieu alipokwisha kupita, ndiyo maana maharagi hayakuiva, na maharagi si maharagi. Loli imesimamishwa. Risasi zimesikika. Zaidi ya hapo hajui mtu.

Agar alibaki ameshika mwiko. Kila neno alilolipiga kelele asubuhi lilimrudia, moja moja, na safari hii alilisikia kwa sikio la mtu aliyekaa porini na mashine: loli, imejaa, esanse, iko Beu, inakuja leo.

Alifika dukani wakati pikapu ya Papa Edmond inapakiwa mapawa ya kuchimbia na magunia ya mchanga. Papa Edmond mwenyewe alikuwa akisimamia.

"Banamuke hapana panda," alisema bila kumwangalia.

Agar akapanda, akakaa juu ya mchanga. Hakuna aliyemteremsha.

Waliikuta loli baada ya kijiji cha Maboya, imeinamia mtaroni kama ng'ombe aliyechoka. Wenye silaha walikuwa wameshaondoka na mapipa waliyoweza kuyaviringisha, na katika kuondoka walikuwa wamepiga risasi yaliyobaki. Esanse ilikuwa inatoka kwenye matundu kwa michirizi myembamba, inateremka barabarani pamoja na maji ya mvua, na harufu yake ilichoma macho tangu mbali. Na watu walikuwa wameshakuja. Kutoka kila kijia walishuka na mabidoni, mabeseni, hata sufuria za mboga. Nani asingeshuka, wakati chupa moja ya mafuta ilikuwa inauzwa kama dawa?

Katikati ya barabara, kati ya watu na loli, alisimama mwanamke aliyenyoosha mikono.

Agar alikuwa ameomba awe mbaya. Siku nyingi alikuwa amemwomba Mungu jambo hilo dogo tu. Mariette alikuwa mzuri. Alikuwa amelowa matope hadi magotini, amekuja na pikipiki kutoka Beni bila kungoja mtu, nywele zimefumuka, na bado alikuwa mzuri. Paulin alikuwa amekaa kwenye ukingo wa juu, upande upepo unakotoka, uso umevimba, mkono wa kulia umefungwa shingoni. Umefungwa kwa kitenge. Kitenge cha Mariette. Kipande chake kingine kilikuwa bado kiunoni mwake.

Basi hata pale, na damu ya mumewe ikiwa imekauka kwenye shati, Agar alihisi wivu ule ukimpanda. Aliona kitenge kabla ya kuuona mkono uliovunjika. Mwenyewe aliliona hilo, akajichukia, na bado kitenge kilibaki palepale.

Mariette alikuwa amepiga kelele hadi sauti imekwisha. Ile sauti nzuri ilikuwa imebaki mkoromo. Alikuwa anasema kwa Kiswahili na Kilingala, "Murudie nyuma, itawaka, itawaka," lakini wale walikuwa watu wa kilimani, Wanande, na kwao alikuwa mgeni anayelinda mali ya tajiri. Walimpita kulia na kushoto.

Hapo ndipo Agar alipomwona bibi mmoja akishuka kijia cha juu, polepole, na kigae mkononi. Ndani ya kigae kulikuwa na makaa mekundu. Alikuwa ametoka kuomba moto kwa jirani, kama wanawake wanavyofanya kila jioni, na kijia chake kilikatiza barabara mita chache tu chini ya loli, pale pale michirizi ya esanse ilipokuwa inakusanyika.

Agar alifungua kinywa. Koo lile ambalo halikuwahi kupata kamba lilitoa sauti yake yote, kwa Kinande, lugha ya mama zake na ya bibi yule. Alimwita bibi mama yake. Alimwambia asimame, asitikisike, asipulize, arudi na moto wake juu alikotoka. Kisha akawageukia wa mabeseni. Aliwaita kwa koo zao na kwa ubatizo wao. Aliwauliza ni nani kati yao anataka kuzikwa bila ngozi. Aliwaambia waweke chini mabeseni na sufuria zao taratibu, chuma kisigonge jiwe kikatoa cheche. Na mwanaume mmoja aliyekuwa na sigara nyuma ya sikio alimnyooshea kidole hadi akaitafuna. Sauti ilipiga kilima ikarudi. Bibi alisimama, akageuka, akapanda na kigae chake. Watu wakarudi nyuma hatua, kisha hatua nyingine.

Wanaume wa pikapu wakapata nafasi. Walimwaga mchanga, wakachimba mfereji kuipeleka esanse upande wa bonde tupu, wakayaviringisha mapipa mazima mbali na yaliyotoboka. Hakuna kilichowaka.

Lakini Kambere hakuwepo. Kambere alikuwa konvwayeri, mtu mzima mwenye kukaa juu ya mzigo na kuulinda njiani. Wenye silaha walikuwa wamemtwika bidoni mbili na kwenda naye porini. Paulin alilisema hilo akitazama chini. Hakumlaumu mkewe kwa neno hata moja, na Agar angependa amlaumu.

Wakati wanaume wanafanya kazi, wanawake wawili walikaa ukingoni, mmoja huku, mmoja kule, Paulin katikati. Hatimaye Agar alisogea, akaanza kufungua kitenge ili afunge chake. Paulin akaguna kwa maumivu.

"Muache nayo," Mariette akakoroma. "Mufupa utasogea."

Mikono ya Agar ikabaki hewani.

"Bwana yangu aliungua," Mariette akasema. "Njia ya Kasindi. Loli ilianguka, hakuna mutu alikufa, alikuwa musima kabisa. Batu bakakuya na mabeseni. Yee akashuka kubafukuza. Mutu moja akawasha lampe ili aone muzuri." Akajifuta matope magotini. "Unanionea wivu miye, Mama Shekinah? Miye njo nakuonea weye. Kila siku nikimuambia alale, neno ya kwanza anauliza: bibi yangu atajulishwa? Namuambia hapana, Patron alikataza. Anakaa, anaangalia mulango. Mutu gani ananiangaliaka miye vile?"

Agar alitaka kusema wasingya, asante, na alitaka pia yule mwanamke aache kumtaja mume wake kana kwamba amemjua tangu utoto. Akasema tu, "Tutakurudishia kitenge yako."

"Bakia nayo."

Kesho yake Agar alikwenda kwa Papa Edmond bila kutumwa na mtu. Alimwambia ni yeye, si Siméon, si Paulin. Papa Edmond alikuwa ameshajua. Kivu nzima ilikuwa imesikia. Akamwambia aende nyumbani. Kisha Agar alikwenda kwa Kanyere, mke wa Kambere, na mzigo wa kuni. Kanyere alipokea kuni, akafunga mlango. Agar alipeleka kuni tena, na unga, na tena. Kambere alirudi kabla ya Noeli, amekonda hadi meno yanaonekana makubwa, mabega yamechubuka. Hakupanda loli tena maishani mwake. Alikwenda kulima kwa baba mkwe Vuhovi. Kanyere hakuwahi kumsalimu Agar tena, hata walipokutana kwenye mlango mmoja wa kanisa, na Agar hakumuona kuwa na kosa.

Papa Edmond alitupa maneno yote ya jikoni, maana sasa hata watoto waliyajua. Alibadili na jambo jingine: kila dereva akibaki njiani, mtu wa duka atapita kwa mkewe kumwambia, "Mzima, hajafika," basi, bila siku wala mahali. Alikuwa amefunga midomo ya kila mtu, alisema, akasahau kwamba mtu asiyejua chochote naye ana mdomo. Na alipotafuta wa kumweka mahali pa Siméon, aliyeondolewa kwa kumwachia mtu mashine, Mariette alimtumia neno kutoka Beni. Alimtaka Agar.

"Ule aliharibu kila kitu!" Papa Edmond akajibu.

"Njo maana. Siméon hakuogopaka. Unipe mutu mwenye kuogopa."

Hivyo Agar akawa sauti ya Butembo. Alijifunza kuibana, kuiteremsha, kusema maneno ya kwaya na ya shamba ambayo maana yake waliijua wachache. Kila asubuhi sauti ya kwanza aliyoisikia baada ya watoto wake ilikuwa ya Mariette, ambayo ilipona lakini ikabaki na kovu ndani yake. Walifanya kazi vizuri. Hawakuwa marafiki. Mariette akicheka jambo ambalo Paulin amelisema kule Beu, Agar alihesabu urefu wa kicheko. Kitenge kile alikifua, akakikunja, akakiweka chini kabisa ya sanduku, na kila mara akitafuta kitu alikuta mkono wake umekigusa.

Mkono wa Paulin uliunga, ukabaki umepinda kidogo, na baada ya mwaka mpya wa pili akarudi kwenye usukani. Lakini miezi ile ya kukaa nyumbani ilikuwa imemwonyesha jambo. Jioni moja Agar alirudi kutoka phonie, akapakua ugali na nyama, na mumewe hakunawa.

"Leo nilipita nyuma ya duka," Paulin akasema. "Ulikuwa unamuambia Jean-de-Dieu kitu. Sauti ya chini-chini. Ukacheka."

"Ndiyo."

"Ulimuambia nini?"

Agar alimtazama: mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu, midomo imebinuka kama ya mtoto aliyenyimwa. Lilikuwa neno la njia, na Jean-de-Dieu alikuwa bado hajafika.

"Ile ni kazi, Baba Shekinah."

"Miye ni bwana yako!"

"Najua. Nawa mikono."

Hakunawa. Alisukuma sahani, akatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Agar akamsikia huko nje akiwasemesha kwa hasira. Alingoja kidogo, kwa heshima. Kisha akavuta sahani zote mbili upande wake, akala nyama yake na ya mumewe, taratibu, bila kuacha hata mfupa.